Mwenyekiti na Samaki wa Mto Athi

Mwenyekiti alichelewa kufika kwenye kila mkutano, hata ule aliouitisha mwenyewe. Sisi wanakamati tuliketi kwenye mabenchi ya kanisa pale juu ya mto, tukiangalia kuku wa mchungaji wakiparua mlangoni, na baada ya muda mrefu tulisikia sauti yake kabla ya kumwona. Alikuwa barabarani anagombana na mtu. Mara nyingi mtu huyo alikuwa wa bodaboda aliyetupa pakiti ya maziwa, au mkulima aliyeacha magunia matupu ya mbolea kando ya maji. Kisha aliingia, jasho likimtiririka, gunia lenyewe mkononi. Aliliweka juu ya meza, katikati yetu, na kusema, "Haya, tuombe."

Sala yake ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia katika kanisa letu, ambako watu huomba mpaka magoti yanakufa ganzi. "Baba, tuko hapa. Mto pia uko hapa. Utusaidie sote. Amina." Wazee wengine walikuwa bado hawajafumba macho.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi. Shamba lake na langu yalitenganishwa na ua wa mkonge, kwenye mteremko unaoshuka hadi Mto Athi, mbali kidogo na soko la Ikutha. Mimi nafundisha shule ya msingi. Yeye alikausha samaki kwa moshi, akalima nyanya, na katikati ya kazi hizo mbili akawa mwenyekiti wa kamati ya mto. Jina lake watu walilisahau. Hata wajukuu wake walimwita Mwenyekiti. Mimi nilipenda kumwita mwaitu, yaani mama yangu, kama tunavyowaita wanawake wa umri wake, naye aliitika haraka, kwa sauti ya chini ambayo mikutanoni hatukuisikia.

Hakuwa mtu rahisi kumpenda. Alikatiza watu maneno. Alisahau kusalimia. Ukimpelekea mboga, alizitazama kwanza kama zimenyunyiziwa dawa, ndipo aseme asante. Wakati mmoja mtoto wa jirani alitokwa na vipele mwili mzima, naye akatangaza kwa kila aliyepita kwamba ni yale maji ya mto, ni plastiki, ameona kwa macho yake. Mama wa mtoto hakulala kwa hofu. Muuguzi wa zahanati akamtazama mtoto na kusema ni tetekuwanga. Mwenyekiti hakuomba msamaha kwa maneno. Alimpelekea yule mama malenge mawili makubwa, akayaweka mlangoni, akaondoka bila kubisha. Yule mama akaniuliza kama haya malenge ni ya kula au ni ya kesi.

Na katika jambo hilohilo la plastiki alijipinga mwenyewe kila siku. Maji ya nyumbani aliyaweka kwenye tangi jeusi la plastiki lililokuwa fahari yake. Miche ya nyanya aliipanda kwenye vifuko vyeusi vya nailoni. Mipira ya kumwagilia ilitambaa shamba zima, na jua la huku lilipoikausha ikapasuka, alikata kipande kibovu, akaunganisha, na kile kipande kikabaki hapohapo kwenye udongo. Miguuni alivaa sandali za plastiki mwaka mzima, kanisani na shambani. Nilipomtania, hakucheka.

"Mwalimu, wewe unadhani mimi napigana na plastiki kwa sababu sina?" aliniuliza. "Napigana nayo kwa sababu ninayo. Nikiangalia huo mpira shambani najua unaenda wapi mvua ikinyesha."

Yapo mambo ambayo watu wa huku bado wanayasimulia juu yake, na la kwanza daima ni lile la ng'ombe. Ulikuwa mwaka wa kiangazi kibaya. Nyasi ziliisha, ng'ombe wakaanza kula chochote kilichokwama kwenye michongoma. Ng'ombe wa mzee mmoja wa kanisa akavimba, akakataa kula, akafa. Walipompasua ili angalau nyama isipotee, wakakuta tumboni kitu kama mto wa kulalia: nyuzi za magunia, neti za vitunguu, mifuko ile ambayo serikali iliikataza zamani lakini bado inaibuka kutoka ardhini, vyote vimesokotana na kuwa kitu kimoja kigumu.

Mwenyekiti alikiomba kitu kile. Jumapili akakileta kanisani kwenye karai, akakiweka mbele, chini ya mimbari, kabla ya mahubiri. Harufu ilifika kwa kwaya.

"Mama," mchungaji akasema kwa upole, "hii ni nyumba ya Bwana."

"Na yule ng'ombe alikuwa wa nani?"

Mchungaji alihubiri, karai likiwa palepale, akaruka aya kadhaa, akatuachilia mapema. Nje, mzee mwenye ng'ombe alikuwa na aibu kama vile yeye ndiye aliyefumaniwa. Lakini watu walianza kuokota mifuko kwenye boma zao, kwa miezi kadhaa. Baadaye mvua ikaja, nyasi zikaota, tukasahau.

Jambo la pili ni mkutano wa hoteli. Kamati za mto kutoka pande zote, za Makueni na za Kitui, ziliitwa kuzungumza na wakubwa. Nilimsindikiza. Kwenye kila kiti kulikuwa na chupa ya maji ya plastiki, na watu wa huku kwetu walimtazama, wakingoja afanye vurugu. Hakufanya. Alikunywa ya kwake, akanywa ya kwangu, akakusanya chupa tupu za meza nzima kwenye kikapu chake kwa sababu, alisema, zinafaa kwa mafuta ya taa na mbegu za mchicha.

Zamu yake ilipofika alisimama na kusema maneno machache tu. "Sisi ni watu wa chini. Si chini kwa umaskini, chini kwa mto. Kinachotupwa juu kinafika kwetu. Kikifika kwetu kimekatikakatika, hakiokoteki tena. Nataka kujua nani ataokota kisichoonekana."

Mkubwa mmoja akamsifu kwa mchango mzuri, wakaenda kula. Baadaye gari moja lilikuja kwetu, wakapiga picha, wakasimamisha kibao cha bati chenye maneno ya kukataza kutupa taka mtoni. Kibao kilikaa hadi mafuriko. Nililiona lile bati tena juu ya banda la kuku la mtu ninayemjua, lakini jina lake silisemi, kwa maana lilikuwa bati zuri na kuku hawakuwa na makosa.

Sasa nieleze lile lililomharibia maisha.

Alikuja msichana mmoja kutoka chuo kikuu, mtu wa upande wa Nyeri, mwembamba, mwenye kofia pana. Alikuwa anafuata mto kutoka juu hadi karibu na bahari, akichukua maji, mchanga na samaki ili kutafuta chembechembe za plastiki ambazo jicho haliwezi kuziona. Alimwita Mwenyekiti "shosho", yaani bibi, siku ya kwanza.

"Mimi si shosho wako," Mwenyekiti akamwambia. "Mimi ni mwenyekiti. Ukimaliza kazi vizuri nitakuwa shosho."

Lakini walipendana upesi. Mtafiti alichuja maji kwa wavu laini kuliko kitambaa cha mtoto mchanga. Sampuli alizitia kwenye chupa za glasi, na Mwenyekiti alipouliza kwa nini asitumie chupa nyepesi, msichana akacheka, akasema hataki kuongeza plastiki yake juu ya ile anayoitafuta. Jibu hilo Mwenyekiti alilirudia kijiji kizima. Samaki walinunuliwa kwa wifi yake, mke wa kaka yake. Hao wawili, Mwenyekiti na wifi, ndio walioanza biashara ya kukausha samaki hapa kwetu, tangu wakiwa wasichana waliotoka tu kuolewa. Walikuwa na jiko moja la moshi, walicheka pamoja, waligombana pamoja, na wanunuzi wao walitoka Kibwezi na Mtito Andei, miji ya barabara ya Mombasa.

Mtafiti alikuwa na hadubini ndogo. Alimpasua kambare mmoja palepale kwenye mawe ya kuoshea, akachukua kidogo cha tumboni, akakisafisha, akamwita Mwenyekiti aangalie. Mwenyekiti aliinama. Aliangalia mpaka jicho likatoa machozi.

"Naona uzi," akasema. "Wa buluu. Huu ni wa neti ya kitunguu."

"Labda, mama. Au wa nguo. Nguo zetu za kisasa pia ni plastiki, tukifua zinatoa nyuzi kama hizo. Siwezi kujua kwa kuangalia tu, mpaka niupime."

"Nguo?" Mwenyekiti alijishika gauni lake, lile la maua alilovaa mikutanoni, akalifinya kati ya vidole.

Msichana aliondoka, na tukadhani tumemwona mara ya mwisho, kwa maana wengi huja kuchukua maneno yetu na hawarudi. Yeye alirudi. Mvua nyingine ilikuwa imepita. Aliketi nasi kanisani, akatueleza polepole kwa Kiswahili chake cha Nyeri. Chembechembe zipo. Zipo majini, ziko nyingi zaidi kwenye tope na mchanga wa chini, na samaki wengi aliowapasua walikuwa nazo matumboni. Wadudu wadogo wa kwenye tope wanazila wakidhani ni chakula, samaki wanakula wadudu. Samaki mdogo akijaza tumbo na kitu kisicho chakula, hakui vizuri, na huenda asizae vizuri. Sumu nyingine za mtoni hupenda kung'ang'ania chembe hizo na kusafiri nazo. Na mto hauishii hapa. Unapita Tsavo, unabadilisha jina, unaingia baharini.

"Na sisi tunaokula samaki?" wifi akauliza kutoka nyuma. Alikuwa amekuja kwa sababu samaki walikuwa wake.

"Hapo nitakuwa mkweli," mtafiti akasema. "Bado watu wanachunguza. Siwezi kuwaambia ni sumu, na siwezi kuwaambia si sumu. Nyingi nilizozipata zilikuwa matumboni. Kwa hivyo toeni matumbo vizuri, msiyarudishe mtoni, msiwape kuku. Yazikeni mbali na maji. Na tafadhali, msitoke hapa mkasema samaki ni sumu. Sikusema hivyo."

Tulikubaliana kungoja. Mwenyekiti pia aliinua mkono kukubali. Lakini juma lile kulikuwa na baraza la chifu sokoni, watu walikuwa wengi, na nadhani alipowaona wale watu wote mahali pamoja alishindwa kujizuia. Alisimama. Kwa mara ya kwanza maishani alizungumza kwa muda mrefu, na nilikuwepo, naweza kusema hakuongeza hata neno. Alisema kila kitu kama mtafiti alivyosema, hata pale pa kutojua. "Hatujui kama inatudhuru," alisema. "Tunajua iko. Na mtu ana haki ya kujua anachokula."

Jua halijashuka, soko lote likawa linasema kitu kimoja: samaki wa Athi wana sumu, Mwenyekiti mwenyewe amesema.

Wanunuzi wa Kibwezi hawakuja siku iliyofuata ya kununua, wala ile iliyofuata. Wanawake walirudi nyumbani na samaki waliokauka mpaka wakawa kama mbao. Walipowapa jamaa, jamaa waliwakataa. Wengine waliwatupa mtoni kwa siri, na hilo lilimuuma Mwenyekiti kuliko matusi.

Wifi yake alikuja mchana kweupe. Nilikuwa napalilia ndengu upande wangu wa ua, na hawakujali kwamba nasikia.

"Ulikuwa unatafuta nini?" wifi akauliza. Hakuketi.

"Nilisema ukweli."

"Ukweli wa nani? Wale wa juu wanaotupa, wamepoteza nini? Uniambie. Wamepoteza nini?"

"Hawakuwa kwenye baraza."

"Aiya! Basi hiyo ndiyo maneno. Wao hawakuwa, ukatupiga sisi tuliokuwa."

"Hata samaki wangu wameharibika," Mwenyekiti akasema. "Jiko ni letu wote."

"Jiko lichukue," wifi akasema. "Ukaushe hayo maneno yako."

Baada ya hapo hawakusalimiana. Mtu asiyekulia kijijini hawezi kujua ilivyo kazi ngumu kutomsalimia mtu mnayetumia naye njia moja ya kwenda mtoni. Mmoja huanza kukohoa kabla ya kona. Mwingine huinama kufunga kiatu kisicho na kamba. Kaka yake Mwenyekiti, mtu mpole, alianza kwenda mtoni mwenyewe kuteka maji ili wanawake hao wasikutane.

Uchaguzi wa kamati ulipofika, walimwondoa. Hawakumtukana. Walimpendekeza kijana mmoja mwenye pampu na maneno laini, mikono ikainuliwa, ikawa basi. Kijana akamshukuru kwa kazi nzuri, akamkaribisha atoe neno la kuaga. Alisimama akasema, "Kazi ipo," akaketi. Jina la Mwenyekiti, hata hivyo, hakuna aliyeweza kumvua. Kijana anaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Samaki walirudi sokoni polepole. Watu walisahau, au njaa iliwakumbusha mambo mengine. Wanunuzi wa Kibwezi wakaja tena, wachache, kwa bei ya kudharau, kisha wengi. Hakuna aliyesema kwamba hofu imekwisha. Iliachwa tu.

Yeye hakurudi kwenye biashara. Lakini siku moja niliingia kwake nikamkuta anakula ugali na kambare wa mchuzi, peke yake, bila haraka.

"Mwaitu," nikasema, "si wewe uliyesema?"

"Nilisema wana plastiki ndani. Sikusema sili."

"Lakini…"

"Lakini nini, Mwalimu? Nikiacha samaki, maji je? Nakunywa haya haya. Nyanya namwagilia haya haya. Mchanga wa mto ndio uliojenga hii nyumba. Nitaacha, nitaacha, mpaka nifike wapi?" Alimega tonge, akalichovya. "Nilitaka tu tujue. Nilidhani watu wakijua watakasirika na kwenda juu kule, sote pamoja, tukaulize. Wakajua, wakanikasirikia mimi. Mimi niko karibu." Akanisukumia sahani. "Kula. Matumbo nimetoa."

Nikala. Alikuwa mtamu, kama walivyo siku zote.

Miaka ile ya mwisho alichoka waziwazi. Ukimwuliza habari ya asubuhi alijibu, "Ya kuchoka," bila mzaha na bila kulalamika, kama mtu anayekupa habari sahihi uliyoomba. Baada ya kila mafuriko miti ya kandoni ilibaki imevikwa: matambara ya plastiki kwenye kila tawi hadi juu kuliko kichwa cha mtu, meupe na ya buluu, yakipigwa na upepo yakilia. Zamani tulikwenda kuyaokota na kanisa zima, watu wakiimba. Baadaye tukawa wachache wasioimba. Mwishowe alikwenda peke yake na fimbo yenye msumari, nami nilimfuata jioni nikitoka shule, pale nilipoweza.

Tatizo lilikuwa kwamba hatukuwa na mahali pa kuyapeleka. Hakuna lori la taka linalofika huku. Tukichoma, moshi mweusi ulikwenda kwa jirani, akakohoa siku nzima. Tukizika, mafuriko yaliyofuata yalifukua. Siku moja tulisimama mbele ya lundo lililotufika kiunoni, kazi ya juma zima. Alilitazama kwa muda.

"Tunalihamisha tu," akasema. "Linatoka kwenye mti linakwenda kwenye shimo, linatoka kwenye shimo linakwenda baharini. Na yale ya kukatikakatika hayajali hata kama tupo."

"Tuache basi?"

"Mimi sijasema tuache. Nimesema tunalihamisha." Akaketi chini, pale pale kwenye mchanga, akavua sandali moja na kukung'uta kokoto. "Nipumzike kwanza."

Mtafiti aliendelea kumpigia simu mara mojamoja. Alikuwa amemaliza masomo na sasa anaitwa daktari. Alitaka kujua hali ya mto, na alimwomba msamaha kila mara kwa yale yaliyompata. Mwenyekiti alimkemea. "Wewe uliangalia ukasema ulichokiona. Sasa unaomba msamaha kwa macho?" Kisha akasema, "Kuja unitembelee, mjukuu," na hapo nikajua kazi ile aliihesabu kuwa ilifanywa vizuri.

Nyonga ikaanza kumsumbua. Hospitali ikampa dawa za maumivu na kumwambia asipande milima, na nyumba yake iko mlimani. Mwanawe wa Makueni alitaka kumchukua akaishi naye karibu na Matiliku, mbali na mto. Alikwenda, akakaa msimu mmoja, akarudi. Alisema huko maji yanatoka kwenye bomba, hajui yametoka wapi, hawezi kuyaamini.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda ilikuwa likizo ya Agosti. Nilishuka mtoni asubuhi kufua mapazia ya shule, nikamkuta ameketi kwenye jiwe kando ya maji. Sijui alishukaje na nyonga ile. Mto ulikuwa mdogo, una rangi ya chai iliyolala, na povu jeupe limejikusanya pembeni kama kawaida ya kiangazi. Hatua chache kutoka kwake wanawake wa samaki walikuwa kazini kwenye mawe, na wifi yake alikuwa katikati yao, kisu mkononi. Mwenyekiti alikuwa amewageuzia bega, nao wamemgeuzia migongo. Hivyo ndivyo walivyozoea kukaa.

Nikawasalimia wote. Kisha nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona kabla. Wanawake walipasua samaki, wakatoa matumbo yote, wakakwangua ndani kwa kidole, na matumbo hayakurudi mtoni. Waliyatia kwenye ndoo. Ndoo ilipojaa, mmoja wao aliibeba juu ya kingo, mbali na maji, akayamwaga kwenye shimo refu na kufukia kwa jembe.

"Siku hizi mnazika?" nikamwuliza wifi.

Hakuinua kichwa. "Tunazika. Ni sababu ya nzi. Nzi walikuwa wametuzidi hapa. Mimi nikawaambia hawa, tuzike."

"Na kuku?"

"Kuku tumekataza. Wanaharisha." Akamtupa samaki kwenye karai, akachukua mwingine. "Tangu mwaka jana. Kila mtu anafanya hivyo, hata wale wa ng'ambo. Asiyezika tunamkataza jiwe."

Nilimgeukia Mwenyekiti. Nilikuwa na maneno mdomoni, na aliyaona, kwa sababu alinitazama kwa jicho lile la kufungia mkutano.

"Nzi ni wabaya sana," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mawe. "Mmefanya vizuri."

Kisu cha wifi kilisimama kidogo. Kisha kikaendelea.

Nilipomaliza kufua nilimsaidia kusimama. Tulianza kupanda, mkono wake begani mwangu, mapazia mabichi kichwani mwangu. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Tulipofika pale njia inapopinda na mawe hayasikiki tena, nikamwuliza mbona hakusema kwamba ndivyo alivyowaambia tangu mwanzo, yeye na yule mtafiti.

"Niseme ili iweje? Wanazika, Mwalimu." Alivuta pumzi. "Wakikumbuka ni mimi, wataacha."

"Na huko juu? Na haya yanayokuja kila mvua?"

"Huko juu sijui. Huko nimeshindwa." Alilisema kama anavyosema mambo mengine yote, bila kushusha sauti. "Tukae kidogo. Mguu umekataa."

Tukaketi kando ya njia. Hakukuwa na kivuli. Alifumba macho, na usoni mwake sikuona huzuni wala furaha, niliona mtu aliyeamka mapema kwa miaka mingi. Sikujua nitamfikishaje nyumbani. Nilikuwa nafikiria kushuka kumwita kijana wa pampu niliposikia wanawake wakipanda nyuma yetu na makarai yao, wakiongea. Walipofika kwenye kona wakanyamaza, na mtu mmoja akakohoa.

Wakapita mmojammoja, wakitusalimia mimi na yeye pamoja, salamu moja ya kutosha wawili. Wifi alikuwa wa mwisho. Alipita. Akaenda hatua kadhaa. Kisha akasimama, akalishusha karai lake, akampa mwenzake aliyekuwa mbele, akarudi.

Aliinama, akapitisha mkono chini ya kwapa la Mwenyekiti, upande ule wa nyonga mbovu, na kunitazama mimi, akingoja. Nikashika upande wa pili. Tukamwinua.

Mkono wa wifi ulinuka samaki, na magamba yalikuwa yamekauka kwenye vidole vyake. Mwenyekiti aliutazama ule mkono kwenye gauni lake.

"Polepole," akasema. "Mimi si gunia."

"Nyamaza, panda," wifi akamjibu.

Tukapanda.